Kuponi za petroli Uingereza 1973 zilitolewa ila hazikutumika

Wapo wanaouliza kama mwaka 1973 Uingereza watu walinunua petroli kwa kuponi za mgao. Hapana, haikufika kwenye mgao wenyewe. Vitabu vya kuponi vilichapwa na watu wakaanza kugawiwa kuanzia mwisho wa Novemba, lakini serikali haikuwahi kutangaza vianze kutumika, ndo maana wengi walibaki navyo ndani vikiwa vizima, hakuna hata kuponi moja iliyokatwa. Kilichobana kweli ni foleni za vituoni na spidi kushushwa hadi maili 50 kwa saa ili mafuta yasiishe haraka, halafu bei, maana pipa la mafuta ghafi lilitoka kama dola 3 likakaribia 12 kufikia mwanzoni mwa 1974, na hapo mwenye gari akaumia kuliko ambavyo kuponi ingemuumiza.

Ila wazee wanaosema walikata kuponi wasibishiwe, wanasema kweli kabisa. Hiyo ni kuponi ya wakati wa mgogoro wa Suez, Desemba 1956 hadi Mei 1957, Mfereji wa Suez kule Misri ulipofungwa, au ile ya vita kuu ya pili iliyoendelea mpaka Mei 1950, miaka mitano baada ya vita kuisha Ulaya!