Kabla ya Chati ya Herufi, Mpeni Mtoto cha Kusikia na Kushika

Swali lenu la wiki hii linauliza ni kifaa gani mzazi au mwalimu anunue kwanza ili mtoto ambaye hajatimiza miaka sita aanze kujifunza Kiingereza. Ninafundisha darasa la awali hapa Kigoma, na jibu langu ni kwamba fedha ya kwanza isiende kwenye chati ya herufi wala kwenye daftari la mazoezi, bali kwenye vitu ambavyo mtoto atavisikia na kuvishika.

Sababu iko katika lugha zenyewe. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husomeka kwa sauti ile ile popote inapokaa, ilhali Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20 zinazoandikwa kwa herufi hizo hizo chache. Mtoto aliyeimba a, e, i, o, u asubuhi, kisha kabla ya kwenda nyumbani akaambiwa kwamba ile e sasa inaitwa i, na ile i inaitwa ai, lazima achanganyikiwe, wala si kwa sababu ni mzito wa kuelewa. Kwa watoto wetu wengi mzigo ni mkubwa zaidi, maana nyumbani wanazungumza Kiha na Kiswahili chenyewe bado wanakizoea. Tena chati nyingi za stesheneri huanza na tufaha na kufika hadi nyumba ya barafu, wakati mtoto wa Kibirizi, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, anaujua wavu, mtumbwi, dagaa na chikichi.

Kwa hiyo mimi hutumia mfuko wa kitambaa. Ndani yake naweka kijiko, jiwe, kokwa la embe, kipande cha kamba na boya la wavu. Nasema, “Find the rope,” naye mtoto anaingiza mkono bila kuchungulia, macho ameyaelekeza kwenye paa, vidole vinapapasa kitu kimoja kimoja huku wenzake wamenyamaza kimya. Akitoa jiwe badala ya kamba, darasa zima linapaza sauti, “Stone!” Hakuna aliyeandika chochote, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Kadi za picha nazo ni rahisi kutengeneza: manila, makapeni, picha zilizokatwa kwenye kalenda za zamani, kisha zifunikwe kwa nailoni zisichakae mikononi mwa watoto.

Kuhusu sauti, tukubali kwamba walimu wengi wa awali tulijifunza Kiingereza kwa kukisoma zaidi kuliko kukisikia. Simu inasaidia sana hapa. British Council, shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, wana ukurasa wa bure wa watoto wenye nyimbo na hadithi fupi, na mradi wa African Storybook, uliozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014, una vitabu vya picha vya kupakua bila malipo, vingi vikiwa na hadithi ile ile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ninasisitiza hilo la mwisho kwa sababu mtoto anayeijua tayari hadithi kwa Kiswahili hahangaiki na kisa anapoisikia kwa Kiingereza; sikio lake linakuwa huru kufuata maneno. Msimulie kwa Kiswahili mpaka aizoee, ndipo umrudie kwa Kiingereza ukionyesha picha zile zile.

Najua wazazi wameingiwa na wasiwasi tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutekelezwa Januari 2024, kwa kuwa sasa somo la Kiingereza linaanza Darasa la Kwanza, tofauti na utaratibu uliotangulia ambapo lilianza Darasa la Tatu. Wengine wanawapeleka watoto wa miaka minne tuisheni ya kuandika. Ninawaomba sana wasifanye hivyo. Daftari la Kiingereza linaweza kusubiri mpaka mtoto asome mwenyewe sentensi fupi ya Kiswahili. Mwenye fedha ya ziada na ashirikiane na wazazi wenzake kulinunulia darasa spika ndogo ya kuchaji, kwa sababu sauti ya simu haifiki kwa watoto wanaokaa nyuma.