Je, Kutokula Kila Nyumba Siku ya Idd Ni Kumvunjia Heshima Mwenyeji?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mama wa nyumbani, niko Unguja. Mwezi wa Ramadhani nilijizoeza kula kwa kiasi na kutembea kila baada ya Alfajiri, na mwili wangu ukawa mwepesi. Sina maradhi, wala sitaki kujinyima sikukuu. Tatizo ni kwamba siku nne za Idd tunapita kwa jamaa nyumba hadi nyumba, na nisipokula wifi zangu na mama mkwe hununa. Mwaka jana, Idd pili, nilisema nimefunga Sita, yaani saumu ya sunna ya siku sita za mwezi wa Shawwal, ilhali sikufunga. Je, ninakosea kutokula? Na nikifunga Sita kweli, huku nikitaka pia nisirudi kuwa mzito, saumu yangu itasihi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Umesema vyema kwamba hutaki kujinyima, kwani kufunga siku ya Idd ni haramu kwa makubaliano ya wanavyuoni, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa hatoki kwenda kuswali Idil-Fitri mpaka ale tende, naye akizila kwa idadi ya witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, kama alivyopokea Imam Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Anas. Basi kula siku hiyo ni ibada, ila ibada hiyo ilitimia kwa tende za kuhesabika.

Ama haki ya mwenyeji, watu wengi wanaichanganya. Imam Muslim, naye mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume alisema: anapoalikwa mmoja wenu kwenye chakula na aitikie, kisha akitaka atakula na akitaka ataacha. Kilicholazimishwa hapo ni kuitikia, yaani kwenda, kukaa na kuonyesha furaha. Iko riwaya nyingine isemayo kwamba asiyefunga na ale, na kwa sababu hiyo wako wanavyuoni waliosema kula ni wajibu. Lakini Imam Nawawi ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Kishafii ni kwamba kula si wajibu, na kwamba hata kwa wanaowajibisha, tonge moja linatosha. Kwa hiyo linapoletwa sinia la vileja na visheti, chukua kileja kimoja, kimege, ule taratibu huku ukiuliza nani aliyekioka na amekipata vipi kulainika namna ile. Nimeona kwa macho yangu kwamba mpishi hufurahi zaidi kwa swali hilo kuliko kwa sahani iliyofutwa na mtu aliyekuwa akitazama simu.

Usidhani hata hivyo kwamba kushiba kwenyewe ni dhambi. Abu Hurayra alinyweshwa maziwa na Mtume mwenyewe, akawa anaambiwa «kunywa» mara baada ya mara, hadi akaapa kwamba haoni tena pa kuyapitishia. Kinachokatazwa ni israfu, yaani kupita kiasi, kama ilivyo katika Suratul-Aaraf, aya ya 31, na kula hadi kujidhuru. Hadithi ya Miqdam aliyoipokea Tirmidhi imeweka kipimo: theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji, na theluthi kwa pumzi. Mimi mwenyewe niliwahi kula biriani nyumba tatu kabla ya Adhuhuri, na siku ile niliijua theluthi ya pumzi nilipokuwa katika sijda.

Kuhusu kusema umefunga ilhali hukufunga, huo ni uongo, nawe utubie. Hukuhitaji uongo huo, kwa sababu neno la kweli lilikuwepo: «Nimeshakula, mama, nifungie kidogo niende nacho.» Mama mkwe atanuna mwaka wa kwanza, mwaka wa pili atakuwa ameshakuwekea kifurushi.

Sita za Shawwal unaweza kuzianza Idd pili, kwani katazo la kufunga ni la siku ya kwanza ya Idil-Fitri. Saumu yako itasihi ikiwa umenuia saumu na ukatamani pamoja nayo wepesi wa mwili. Wanavyuoni wa Kishafii wameilinganisha na hali ya mtu anayetia udhu akinuia pia kupata ubaridi wa maji. Thawabu zake hufuata uzito wa nia, basi nia ya ibada iwe ndiyo ya mbele. Na ukiwa umefunga kisha mwenyeji akaona uzito kwamba hukula, ni bora ufungue, kwani saumu hiyo ni ya sunna na siku nyingine za Shawwal zipo.

Kutembea kwako usikuache. Jabir amesimulia, katika Bukhari, kwamba siku ya Idd Mtume alikuwa akienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Ukiweza, nendeni kuswali kwa miguu, na mrudi kwa mtaa mwingine, mkiwapa mkono majirani ambao hamkupita kwao asubuhi.

Wallahu aalam.