Haki kwenye kituo cha mapumziko: anza na ratiba ya zamu

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, ina vituo vingi vya mapumziko vya yoga na tafakuri. Nilianzia jikoni kwenye vituo hivi, nikaja kusimamia wafanyakazi, na sasa wenye vituo huniita wanapotaka kuleta usawa. Wengi wanakuwa wameshaandika sera na kuitundika mapokezi. Mimi naomba kwanza ratiba ya zamu na daftari la mishahara.

Tazama pia mkutano wa wafanyakazi unaendeshwa kwa lugha gani. Kwenye kituo kimoja ulikuwa wa Kiingereza kwa ajili ya meneja mmoja tu, na wasafisha vyumba wakikaa kimya mwanzo hadi mwisho. Tukaugeuza kuwa wa Kiswahili, meneja akawekewa mkalimani. Bi mkubwa wa dobi akasema waziwazi kwamba bakshishi wanagawana wanaoonana na wageni, ila anayefua mashuka, mtunza bustani na mlinzi hawaoni hata senti. Siku hizi sanduku la bakshishi linafunguliwa mbele ya wote, mgao ni sawa, na hesabu inabandikwa jikoni.

Kijijini, pita kwa Sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, kama adabu inavyotaka, lakini usiishie hapo. Jirani zako hasa ni wanawake wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, kabla ya hoteli nyingi za Paje na Jambiani kujengwa. Usiwaite kikaoni saa nne asubuhi wakati wa bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hutoka mbali, na saa hiyo wao wako kwenye vigingi vyao. Waite siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, alasiri. Vituo navyo hupenda kuweka madarasa ya mwezi mpevu, kwa hiyo wageni hushuka ufukweni siku hizohizo, simu mkononi, wakakanyaga kamba na kupiga picha watu walioinama kazini. Mgeni aambiwe tangu siku ya kwanza: picha kwa ruhusa, na shamba la mtu halipitwi katikati.

Husemwa sana kwamba wasichana wa kijijini hawataki kazi za hoteli. Uliza zamu inaisha saa ngapi. Ikiisha saa nne usiku na daladala hakuna, mzazi gani ataridhia? Gari la kuwarudisha nyumbani, sare yenye stara, na ruhusa ya kutobeba pombe vimeleta wasichana wengi kuliko tangazo lolote nililowahi kubandika.

Ramadhani, sogeza darasa la jioni. Watu wafuturu wamekaa, wasimeze tende wamesimama nyuma ya mlango wa jiko huku kengele ya mgeni inalia.

Kuhusu njia na vyoo kwa wenye ulemavu, zungumza na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar kabla fundi hajamwaga zege.

Swali ninalolipa uzito kuliko yote ni la masika. Aprili na Mei wageni hupungua, na vituo vingi hufunga. Kabla sijakubali kazi nauliza: miezi hiyo mnawalipa nini? Wakiniambia nusu mshahara na mkataba unaendelea, tunakaa tunazungumza. Wakiniambia watu wanarudi kwao mikono mitupu hadi Juni, kazi hiyo siichukui.