Baipola, miti shamba na chakula cha nyumbani: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mdogo wako wa kiume ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kwenye msisimko uliopitiliza na kumshusha kwenye huzuni nzito, kwamba anatumia dawa mbili za hospitali za kuutuliza, lithiamu pamoja na olanzapini ya usiku, na kwamba shangazi yenu ameleta sanamaki na unga wa mizizi kutoka kwa mganga, huku jirani akiwauzia vidonge vya mafuta ya samaki kwa ahadi kuwa baada ya miezi mitatu kijana ataachana na dawa za hospitali. Umeuliza ni mimea gani na vyakula gani vinamfaa. Mimi si daktari. Nimelelewa Rombo na mama mwenye ugonjwa huo, na sasa namwangalia mdogo wangu aliyeurithi, kwa hiyo nitajibu kwa yale tuliyoyaona nyumbani na yale tuliyofundishwa kliniki.

Mimea ina nguvu, na kwa sababu hiyo hasa siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba majani hata yasipotibu hayatadhuru. Kitu chenye uwezo wa kubadilisha mwili kinaubadilisha pamoja na dawa ambayo tayari imo mwilini.

Sanamaki ndiyo ya haraka, kwa kuwa ipo mezani kwenu. Lithiamu ni chumvi, na figo huishughulikia kwa namna inayokaribiana sana na jinsi inavyoshughulikia chumvi ya jikoni. Mtu anapoharisha, anapotapika, anapotoka jasho jingi bila kunywa maji, au anapopunguza chumvi ghafla katika chakula, figo huanza kubana chumvi iliyobaki, na lithiamu nayo hubanwa humo humo badala ya kutoka kwenye mkojo. Kiwango kinachotakiwa kwenye damu kwa kawaida ni kati ya 0.6 na 1.0, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na kikizidi 1.5 sumu huanza kuonekana. Ni nafasi finyu mno. Sanamaki ni dawa inayomfanya mtu aharishe, shubiri vilevile, na miti mingi inayosifiwa kuwa inasafisha figo hufanya hivyo kwa kumkojosha mtu. Kwa anayetumia lithiamu, huko kunakoitwa kusafisha ndiko kunakoweza kumfikisha wodini.

Kwetu haikuhitaji hata mti shamba. Baba alipoambiwa ana shinikizo la damu, jiko zima liliacha chumvi, na mboga zikapikwa kwa limau na vitunguu tu. Baba alinufaika. Mdogo wangu, ambaye hakubadilishiwa kidonge hata kimoja, alianza kutetemeka mikono kiasi kwamba chai ilikuwa ikimwagika kwenye kisahani kabla ya kikombe kufika mdomoni, kisha akaanza kuyumba akitembea na kuzungumza kwa ulimi mzito. Daktari alipopima damu alikuta lithiamu imepanda, na swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna kilichobadilika jikoni. Tangu siku hiyo chumvi ya mdogo wangu haipunguzwi wala haiongezwi, maji anakunywa ya kutosha kila siku, na akiharisha au kutapika tunapiga simu kliniki kabla ya dozi inayofuata. Dalili nilizozitaja ukiziona kwa mdogo wako, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa dukani kama peremende, nazo hupandisha lithiamu, na vivyo hivyo baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kukojosha.

Kuhusu unga wa mizizi, sitaukejeli, maana historia haiko upande wa wanaokejeli. Nchini India mzizi wa Rauvolfia serpentina ulitumika kwa wagonjwa wa akili tangu zamani, mwaka 1931 madaktari wa huko wakaandika juu yake, na mwaka 1952 ikatolewa humo dawa iliyoitwa reserpini, ambayo hospitali kubwa za Ulaya na Marekani ziliitumia kweli kutuliza wagonjwa. Baadaye waliiacha kwa kazi hiyo, kwa kuwa iliteremsha shinikizo la damu, ilihusishwa na huzuni nzito, na dawa bora zaidi zilikuwa zimepatikana. Sisi wa Kilimanjaro tunao mti wa jamii hiyohiyo. Ni msesewe, Rauvolfia caffra, ambao gome lake ndilo linaloipa mbege, pombe yetu ya ndizi, uchungu wake.

Mama yangu aliwahi kunyweshwa gome hilo, likiwa limechemshwa pamoja na mizizi mingine, wakati ugonjwa ukiwa juu. Alitulia, na watu wakashangilia. Kisha akawa anaona kizunguzungu kila anaposimama, akaacha kula, akageukia ukutani na kuzama katika huzuni ambayo ilituogopesha kuliko zile kelele za mwanzo. Hapa ndipo familia nyingi hudanganyika, kwa sababu baipola ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Aliye juu leo atashuka hata asipopewa kitu, ingawa kwa muda mrefu na kwa hasara kubwa, na dawa yoyote iliyotolewa akiwa kileleni itapewa sifa ya mteremko. Ukiambiwa kwamba mti fulani umemponya mtu wa baipola, uliza amekaa salama miaka mingapi, pande zote mbili, bila kuzidiwa na furaha wala huzuni.

Mlonge na habat soda, kwa kiasi kinacholiwa kama mboga au kiungo, sisi hatujavizuia, ila hatuviiti tiba. Unga wa mlonge unaonywewa kwa vijiko asubuhi na jioni ni jambo jingine, na lazima daktari aambiwe. Vinavyokatazwa kabisa nyumbani kwetu ni mirungi, bangi, pombe na vinywaji vya kuongeza nguvu. Vilevile jihadharini na vidonge vya mmea uitwao St John's wort, ambao unauzwa kama dawa ya huzuni. Unaweza kumrusha mgonjwa wa baipola juu, na pia unapunguza nguvu ya dawa kadhaa za hospitali. Kahawa inahitaji kiasi kisichobadilika zaidi kuliko marufuku, kwa kuwa huongeza utokaji wa lithiamu mwilini, na anayeiacha ghafla anaweza kukuta kiwango kimepanda. Mdogo wangu hunywa kikombe kimoja asubuhi, kilekile kila siku, na baada ya saa kumi jioni hapewi kahawa wala chai ya rangi.

Mama yeye anatumia kabamazepini, dawa nyingine ya baipola, na kwake adui alikuwa uani. Balungi huzuia utumbo na ini kuivunja dawa hiyo kwa kasi ya kawaida, hivyo dawa hujaa mwilini kana kwamba mtu amezidisha dozi. Mti tunao, na watoto ndio wanaokula mabalungi yake. Kama katika ukoo wenu yupo dada au binti anayetumia valproeti, ambayo nayo hutolewa kwa baipola, naomba hili lisisubiri: dawa hiyo ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, na mwanamke mwenye umri wa kuzaa anapaswa kulizungumza na daktari kabla ya ujauzito, bila kuiacha kwa uamuzi wake mwenyewe.

Sasa chakula, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye msaada wa kweli kuliko chochote alichowaletea shangazi, ingawa msaada wenyewe si wa kutibu baipola. Olanzapini huleta njaa, na njaa hiyo si uroho. Mdogo wangu alikuwa akimaliza chakula cha jioni na baada ya muda mfupi anarudi jikoni kutafuta mkate, na uzito ulipopanda alianza kuficha vidonge vyake chini ya godoro. Wagonjwa wengi huacha dawa kwa sababu ya mwili unaonenepa na sukari inayopanda, kwa hiyo anayepika ana nafasi ambayo mganga hana. Tuliondoa soda na maandazi ndani ya nyumba yote, si kwake peke yake, ili asijione ametengwa. Asubuhi ni uji wa ulezi bila sukari nyingi, mchana ni maharage au dagaa na mboga za majani kwa wingi huku ugali ukipunguzwa, na jioni tunakula mapema. Njaa ya usiku inapokuja, kuna matango na karoti zilizokatwa tayari. Uzito na sukari ya damu vinapimwa kila tunapokwenda kliniki. Chakula kinaliwa kwa saa zilezile na taa zinazimwa kwa saa ileile, kwani usingizi ukivurugika, ugonjwa hauko mbali. Tuna daftari ambamo anaandika mwenyewe muda aliolala, na akianza kulala kidogo sana huku akiamka bila uchovu na mwenye mipango ya biashara tele, hatusubiri tarehe ya kliniki.

Mafuta ya samaki nayo yasibezwe. Yamechunguzwa kitaalamu, na baadhi ya matokeo yanaonyesha nafuu ndogo upande wa huzuni, lakini upande wa kupanda hakuna la kutegemea, na hata matokeo hayo mazuri yalitoka kwa watu ambao wengi wao walikuwa wakiendelea na dawa zao. Fedha anayoitaka jirani inanunua vibua na dagaa kwa familia nzima. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu ni mtamu, nami nampenda, ila hana mafuta hayo kwa wingi. Ahadi ya kuacha dawa baada ya miezi mitatu ikataeni mbele yake waziwazi, kwa kuwa lithiamu ikiachwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo hata kwa mtu aliyekuwa ametulia.

Shangazi msimfukuze. Mpokeeni alicholeta kwa heshima, mwelezeni kwamba kitapelekwa kwa daktari kwanza, kisha kipelekeni kweli, kikiwa na jina la mti na sehemu iliyotumika, iwe gome, jani au mzizi. Mganga asiyetaka kutaja mti wake, dawa yake isinywewe, hata kama ana cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, maana cheti kinamtambua yeye na kazi yake, hakithibitishi kwamba mchanganyiko huo unaendana na lithiamu. Na kwa kuwa hukusema kama mdogo wako amewahi kupimwa, ombeni vipimo vitatu: kiwango cha lithiamu, figo na tezi ya shingo. Damu ya lithiamu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo siku hiyo aende na kidonge cha asubuhi mfukoni, akimeze akishatolewa damu. Kama ameshaionja ile sanamaki, mwambieni daktari siku hiyohiyo, naye atasema kama kipimo kifanyike mapema zaidi.