Mkuu wa Ardhi Anastaafu, na Anayemfuatia Ameomba Uhamisho

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni Afisa Utumishi katika halmashauri moja ya pembezoni nchini Tanzania. Mkuu wetu wa masuala ya ardhi atafikisha miaka 60 mwakani. Ndiye anayejua jiwe lipi la mpaka liling'olewa na lipi lilihamishwa, na majalada mengi ya zamani hayaeleweki asipokuwepo. Kijana mpima ardhi anayemfuatia amekaimu mara tatu bila kuthibitishwa, na sasa ameomba uhamisho kwenda mjini. Viongozi wangu wanasita kumwandaa mtu waziwazi, wakihofia kuonekana wanagawa vyeo. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu Afisa Utumishi, tarehe ya kustaafu ya mkuu wenu ilijulikana tangu siku alipojaza fomu za ajira. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari afikapo miaka 55 na kwa lazima afikapo 60, isipokuwa wachache, kama maprofesa na madaktari bingwa, ambao sheria imewaongezea hadi 65. Kwa hiyo kabla hata ya kumshughulikia huyu mmoja, fungua TANGE yenu, yaani orodha ya watumishi wote na taarifa zao za ajira, na uandike majina ya wote watakaofika 55 ndani ya miaka mitano, kwa kuwa kuanzia umri huo mtu anaweza kuondoka kwa hiari yake huku nyinyi mkihesabu kwamba bado mnaye. Usishangae ukikuta mapengo katikati ya orodha. Ajira zilibanwa katika mageuzi ya miaka ya 1990, na mwaka 2016 ajira mpya na upandishaji madaraja vilisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi. Athari za vipindi kama hivyo hubaki katika ikama, yaani idadi na mpangilio wa watumishi, kwa miaka mingi.

Hofu ya viongozi wako ina msingi, kwa maana Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma inataka watu wapate nafasi kwa sifa na kwa ushindani. Lakini mpango wa urithishanaji madaraka haumpi mtu cheo. Unaandaa watu wawili au watatu kwa kila nafasi nyeti, kwa vigezo vilivyoandikwa na kutangazwa, kisha uteuzi unafuata njia yake ya kawaida ya mapendekezo, upekuzi na uamuzi wa mamlaka husika. Kinacholeta minong'ono ni pale mtu mmoja anapoitwa pembeni na kufundishwa kimyakimya.

Sasa nije kwenye jambo linalonipa wasiwasi zaidi, nalo ni ujuzi uliomo kichwani mwa mzee huyo. Makabidhiano ya ofisi kwa kawaida hufanyika wiki ya mwisho, na taarifa yake huorodhesha funguo, kompyuta, gari na majalada yanayoendelea, na hayo yote hayamwambii anayeingia kwa nini kiwanja fulani kina ramani mbili. Ombeni mkurugenzi aidhinishe kwamba kuanzia sasa mkuu huyo aende uwandani siku moja au mbili kila wiki akiwa na wapima wawili, asiende na mmoja pekee. Waanze na maeneo yenye migogoro. Kwa kila eneo waandike ukurasa mmoja utakaowekwa ndani ya jalada lenyewe: nani alilalamika, baraza la ardhi liliamua nini, jiwe lilikuwa wapi na sasa liko wapi, pamoja na vipimo vyake. Mzee asaini, wapima nao wasaini. Mwananchi atakayekuja baada ya miaka kumi kudai shamba la marehemu baba yake atategemea ukurasa huo, na ndiyo sababu nakusihi usiliache zoezi hili likaahirishwa kwa kisingizio cha kukosa mafuta ya gari.

Kuhusu kijana wako, niseme bila kuficha kwamba ofisi yenu imemkosea. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka mtu asikaimu nafasi iliyo wazi kwa zaidi ya miezi sita, kwa sababu anayekaimu hubeba dhamana yote ya kiti huku akiwa hana hakika ya kesho. Chunguza kama kila mara alipewa barua, kama posho yake ya kukaimu ililipwa, na kama nafasi ilipokuwa wazi mapendekezo yaliwahi kwenda kwa mamlaka ya uteuzi au yalilala masijala. Kisha umwite, umweleze ulichokikuta, umsikilize. Mshahara hamuwezi kuupandisha, lakini kulipa malimbikizo yake, kumpa nyumba ya mtumishi ikiwapo, kumwingiza katika mpango wa mafunzo wa mwaka huu na kumtathmini kwa haki katika PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa halmashauri. Ikiwa anahama kumfuata mwenzi wake au kuuguza mzazi, msiifungie barua yake kwenye droo. Mwombeni tu amalize kazi ya uwandani kabla ya kuondoka, na ndiyo maana nilisema wapima wawe wawili.

SWALI: Nina miaka 58 na ni mhasibu. Nimeombwa kumfundisha msaidizi wangu kila ninachokijua. Je, nikimaliza sitaonekana sina kazi tena?

JIBU: Ndugu yangu, hofu hiyo nimeisikia kwa wengi, na haina aibu. Ufahamu kwanza kwamba kumfundisha msaidizi hakupunguzi siku zako za utumishi. Umri wako wa lazima unabaki 60. Omba jukumu hilo liandikwe katika malengo yako ya mwaka, ili muda unaoutumia upimwe kama kazi. Mwachie afunge hesabu za mwezi mmoja mzima mwenyewe, wewe ukiwa umekaa meza ya pili. Atakosea mahali ambapo hukuwahi kudhani panahitaji maelezo, nawe utamwonyesha ukiwa ungali ofisini.