Usanisinuru: Ushauri kwa Anayeingia Kidato cha Kwanza, na kwa Mzazi na Mwalimu Wake

Nilijiunga na kidato cha kwanza mwaka 1996, nikitokea shule ya msingi ya kijijini mkoani Singida ambako kwa miaka mitatu mfululizo sikuwahi kushuka chini ya nafasi ya tatu darasani. Ulipofika mtihani wa mwezi Machi nilikuwa wa 38 kati ya wanafunzi 45. Hisabati, sayansi, historia na jiografia, masomo niliyofundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba, yalikuwa yamegeuka kuwa ya Kiingereza kwa siku moja, na Kiingereza chenyewe nilikuwa nimekisoma kama somo tu tangu darasa la tatu, kwa mwalimu ambaye naye alikuwa akikihangaikia. Mwalimu wa sekondari aliandika ubaoni, sisi tukanakili, na jioni kwenye taa ya chemli nilikariri kurasa nzima bila kujua zinasema nini.

Shuleni hapo palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyekutwa akizungumza Kiswahili alivishwa shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake na kumvisha yeye, na aliyelala nacho alichapwa asubuhi. Walimu waliamini kwamba kwa njia hiyo tungejifunza Kiingereza haraka. Tulichojifunza haraka ni kunyamaza. Nakumbuka nilikaa karibu wiki mbili bila kuuliza swali lolote darasani, na wakati wa mapumziko nilikuwa nikienda kukaa nyuma ya jiko la shule ili nisilazimike kuzungumza na mtu. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeshaamini kwamba mimi ni mjinga, na kwamba shule ya msingi ilikuwa imenidanganya.

Nawaandikia vijana wanaopita mahali hapo leo, pamoja na wazazi na walimu wao, kwa sababu imani hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko lugha yenyewe. Kutojua Kiingereza ni jambo moja, na kutojua somo ni jambo jingine. Kila moja lina dawa yake, na anayeyachanganya hukosa dawa ya yote mawili.

Sasa nafundisha biolojia katika shule ya kata. Miaka michache iliyopita nilikuwa na binti mmoja wa kidato cha kwanza ambaye hakuwahi kunyoosha kidole. Siku moja tulifanya jaribio la kupima wanga katika jani. Maabara hatuna, kwa hiyo tulitumia jiko la mkaa, sufuria, spiriti na iodini niliyoinunua duka la dawa, na majani ya matembele tuliyoyachuma kwenye bustani ya shule. Nilieleza kwa Kiingereza, nikauliza maswali, nikapata kimya kile ninachokifahamu vizuri. Nikamwita mezani, nikamwambia, "Haya mwanangu, nieleze kwa Kiswahili, hapa tunafanya nini?" Akaangalia mlango kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, ule mmea ulikaa gizani siku mbili ili jani litumie chakula lilichokuwa nacho. Hili lingine lilikuwa juani, limetengeneza chakula. Tukilichemsha kwenye spiriti, rangi ya kijani inatoka, halafu iodini inatuonyesha kama wanga upo. Na spiriti hatuiweki motoni moja kwa moja kwa sababu itawaka." Jani la juani likageuka buluu iliyokoza karibu na weusi, lile la gizani likabaki na rangi ya iodini. Hakuwa amekosea hata neno moja.

Katika mtihani wa muhula uliofuata palikuwa na swali lililotaka jina la mchakato ambao mimea ya kijani hutumia kutengeneza chakula chake. Aliandika "usanisinuru", kwa herufi nzuri, neno alilofundishwa shule ya msingi. Mwenzangu aliyesahihisha karatasi hizo aliweka alama nyekundu ya kosa, kwa kuwa jibu lililotakiwa ni "photosynthesis", na kwa kanuni za mtihani hakuwa na kosa. Lakini nawaomba wasomaji waliangalie jambo hili polepole: mtoto analijua jambo, analieleza hatua kwa hatua, anaijua hata hatari ya spiriti, na kumbukumbu rasmi zinaonyesha sifuri.

Hili halikuanza jana. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma Tanzania, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, lakini toleo lake la mwaka 2023, ambalo limeongeza elimu ya lazima kufikia miaka 10, limeiacha sekondari na Kiingereza. Wakati huohuo Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022, na UNESCO imekitengea Julai 7 kuwa siku yake duniani. Naifurahia siku hiyo kwa dhati, na kila mwaka nasoma shairi shuleni. Ila Julai 8 narudi darasani, na mtoto aliyelishangilia shairi anakaa kimya tena.

Naliita jambo hili suala la haki kwa sababu mzigo wake haumwangukii kila mtu sawasawa. Mwenye uwezo humpeleka mwanawe shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, na mtoto huyo akifika kidato cha kwanza anaendelea tu na safari. Mtoto wa mkulima anaanza safari upya katikati ya njia. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa, na ulikuwa uamuzi mwema uliofungulia wengi lango. Niliwaona wakiingia kwa wingi mpaka madawati yakaisha. Ada ya pili, ile ya lugha, haijafutwa, na hiyo hailipwi kwa michango ya kijiji.

Msimamo wangu ni ule ambao Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameutetea kwa miaka mingi: masomo yafundishwe kwa lugha ambayo mwanafunzi na mwalimu wanaielewa, na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, na walimu walioandaliwa kwa kazi hiyo. Siku hiyo haijafika, na mtihani wa kidato cha nne utafanyika mwaka huu kama kawaida, kwa hiyo yafuatayo ni ya kukusaidia sasa hivi.

Ewe mwanafunzi, anza na maana kabla ya neno. Kila mada mpya, tafuta kwanza maelezo yake kwa Kiswahili: vitabu vyako vya sayansi vya darasa la sita na la saba usivigawe wala usivifungie maandazi, kwa sababu nusu ya biolojia ya kidato cha kwanza imo humo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bila malipo, vya msingi na vya sekondari, na mwenye simu moja ya nyumbani anaweza kuvifungua. Istilahi nazo zipo, maana Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Anayekwambia kwamba sayansi haina maneno ya Kiswahili hajatafuta.

Kisha uwe na daftari dogo la pembeni. Kwenye kila ukurasa andika neno la Kiingereza, chini yake maana kwa Kiswahili chako mwenyewe (si cha kamusi), halafu sentensi moja fupi ya Kiingereza uliyoitunga wewe, na umpe mwalimu aisahihishe. Maneno matano kwa siku yanatosha kabisa. Binti niliyemtaja alijaza madaftari matatu kwa mwaka mmoja, na jambo lililomsaidia zaidi kuliko istilahi ni maneno madogo ya maswali. Wanafunzi wengi hawajui kwamba "state" inataka utaje tu, "describe" inataka ueleze jambo lilivyo, na "explain" inataka utoe sababu. Mtu anaandika nusu ukurasa mahali palipotakiwa neno moja, na neno moja mahali palipotakiwa sababu tatu, na alama zinapotea wakati elimu anayo. Jifunze maneno hayo wiki ya kwanza kabisa. Na usisome peke yako: elezaneni mada wawili wawili kwa Kiswahili mpaka iwe wazi, kisha irudieni yote kwa Kiingereza, hata kibovu. Kiingereza kibovu kinachobeba maana sahihi kinarekebishika.

Kwa mzazi nina mambo mawili. La kwanza, usiuze shamba ili kumhamishia mtoto shule ya mchepuo wa Kiingereza kwa sababu tu ya bango lililo getini. Nenda ukasimame dirishani usikilize somo, uone kama watoto wanauliza maswali au wanaitikia kwa pamoja tu. Nimepokea watoto kutoka shule hizo waliozungumza vizuri lakini hawawezi kueleza kwa nini nguo hukauka kamba ikiwa juani. La pili, kila jioni mwombe mwanao akueleze kwa Kiswahili jambo moja alilosoma siku hiyo. Huhitaji kujua Kiingereza wala kuwa umesoma. Akishindwa kukueleza, alinakili tu, na hapo una sababu ya kwenda kumwona mwalimu mapema badala ya kusubiri matokeo ya kidato cha pili.

Walimu wenzangu, kibao kichomwe. Najua baadhi yetu bado tunavyo, au tuna adhabu zinazofanana navyo, na najua shinikizo la ufaulu tulilo nalo. Mimi siku hizi nafundisha dhana kwa Kiswahili kwa dakika kumi na tano za kwanza, kisha tunaijenga pamoja kwa Kiingereza ubaoni, sentensi kwa sentensi, na kabla ya kengele kila mwanafunzi anasema sentensi moja. Yapo majuma ambayo silabasi inaniacha nyuma. Hata hivyo napendelea kumaliza robo tatu ya mada zikiwa zimeeleweka.

Sipuuzi Kiingereza, na sitaki kijana yeyote asome makala haya akatoka na wazo hilo. Ufadhili wa masomo, kazi za mtandaoni na maarifa mengi ya dunia hii vipo kwa lugha hiyo, na mtoto wa mkulima anastahili kuvifikia kwa miguu yake mwenyewe. Lakini dunia nayo inatoza: mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza unaweza kugharimu zaidi ya dola 200 kwa kikao kimoja, fedha ambazo kwa familia nyingi za wanafunzi wangu ni mavuno ya msimu. Kwa hiyo, wewe uliyehitimu chuo na unaomba nafasi ya kusoma nje, kabla hujakopa fedha hizo, kiandikie chuo unachokiomba na uulize kama kinakubali barua ya kuthibitisha kwamba ulisoma kwa Kiingereza, kwa kuwa vyuo vingi vinaikubali. Barua hiyo huandikwa na ofisi ya msajili wa chuo ulikohitimu. Iombe ukiwa bado mjini, kabla hujarudi nyumbani, na utunze nakala.