Maswali ya wasomaji: BYD, Tesla, au nibaki na IST yangu?

Maswali ya magari ya umeme yamerundikana, kuanzia Kyela hadi Iringa. Nimechagua haya, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kijiweni Mwanjelwa tunabishana kila siku: BYD na Tesla nani mkubwa? Tuamulie. (Dereva teksi, Mbeya)

Kwa magari ya umeme mtupu, yasiyonywa mafuta hata tone, BYD wa Uchina yuko mbele. Alimpita Tesla kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho ya 2023, na mwaka 2025 akampita kwa hesabu za mwaka mzima: magari kama milioni 2.26 dhidi ya milioni 1.64. Elon Musk, bosi wa Tesla, aliulizwa kuhusu BYD kwenye mahojiano ya televisheni mwaka 2011, akaangua kicheko. Sasa wacheke wengine.

BYD walianza Shenzhen mwaka 1995 wakitengeneza betri. Magari yalikuja baadaye. Betri ndiyo inayomeza hela nyingi kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari la umeme, na anayejitengenezea ana pa kubania bei. Hapo ndipo ugomvi wao unapotuhusu sisi. Seagull, gari dogo la BYD, lilitoka 2023 kwa bei ya kuanzia yuan 73,800. Mei 2025, vita ya bei ilipopamba moto, likauzwa kuanzia yuan 55,800. Geely, Mchina mwingine, naye alishaingia na gari lake dogo, Xingyuan. Ikafika mahali serikali ya China yenyewe ikaanza kuwakemea wenye viwanda waache kuuana kwa bei.

Ila hiyo ni bei ya Uchina, kaka. Weka meli, ushuru, VAT na safari ya kutoka bandarini Dar mpaka Uyole, halafu tuongee.

Nafanya biashara ya mchele, nakwenda Kyela na kurudi Mbeya kila wiki. Hayo magari yatapanda ule mlima? (Mama wa Uyole)

Shikamoo mama. Kupanda yanapanda, tena kwa raha kuliko hilo ulilonalo. Injini ya petroli isiyo na tabo huishiwa pumzi kwenye miinuko kwa sababu hewa ni nyepesi. Mota ya umeme haihitaji hewa, nguvu zake za Kyela ndizo hizo hizo za Isongole, kule juu mlimani. Swali la kujiuliza ni kama chaji itatosha.

Tupige hesabu. Kyela iko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, na barabara inapita juu ya mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole. Kunyanyua gari dogo pamoja na watu na mizigo, tuseme tani moja na nusu, kwa mita 1,500 kunakula uniti 6 hadi 7. Ni uniti zile zile za Luku. Hizo ni za mlima peke yake. Ongeza umbali wa kilomita mia na ushee, nazo zina uniti zake kama 15. Seagull yenye betri kubwa, karibu uniti 39, itakufikisha na akiba. Nissan Leaf ya zamani iliyotoka kiwandani na uniti 24, na sasa imechoka, itakuachia Kiwira na mchele wako.

Kushuka kuna raha yake: ukiachia pedeli mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, na breki zinapumzika. Lakini sikiliza hili, maana wauzaji hawalisemi. Betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kupokea umeme huo, na gari litakuwa linateleza tu kama limewekwa nyutro. Kwa hiyo anayelala juu mlimani na kuanza safari kwa kuteremka asijaze mpaka asilimia 100. Asilimia 85 au 90 inatosha. Kwa anayeshuka Kitonga akitokea Ilula, ni hivyo hivyo.

Kamwene. Nimeona Leaf za Japani bei rahisi mno mtandaoni. Kuna mtego? (Kijana, Iringa)

Kamwene. Upo, tena uko mbele ya macho yako. Leaf ya kwanza ilitoka Desemba 2010, na betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, kwa hiyo huchakaa haraka kuliko nyingi. Mwombe muuzaji picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Upande wa kulia utaona kipimo cha betri chenye vipande viwili viwili vimepangwa kwenda juu. Vile vipana ni chaji ya leo. Hivyo vinaweza kujaa hata kwenye gari bovu. Vile vyembamba vya pembeni ndivyo afya ya betri, na gari jipya linakuwa navyo 12. Vikibaki 8 au 9, umepoteza kama theluthi ya betri, na hiyo hairudi. Muuzaji akikutumia picha ya rimu na viti badala ya dashibodi, achana naye. Ukiweza, tafuta la uniti 40, lililoanza kutoka 2017.

Halafu tazama tundu la kuchajia. Magari ya soko la Japani, ya Ulaya na ya China kila moja lina tundu la namna yake, hasa kwa chaji ya haraka, na adapta si kitu cha kuokota Mashine Tatu. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Wachina wenyewe litakuja pia na usukani kushoto na skrini ya Kichina. Hilo la skrini limewaliza wengi.

Baridi ya Njombe haitaua betri? (Mwalimu)

Hapana, mwalimu. Baridi hupunguza umbali kidogo, na asubuhi za Juni utaliona hilo. Lakini Norway, kwenye theluji, mwaka 2024 karibu magari 89 katika kila 100 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme.

Nikichajia nyumbani Luku haitanifilisi? Na umeme ukikatika? (Wasomaji wengi)

Kwa bei ya kawaida uniti moja inacheza kwenye shilingi 356 pamoja na kodi. Gari dogo kwenye milima yetu likila uniti 15 kwa kilomita 100, ni kama shilingi 5,300. IST ya cc 1300 itakula lita saba. Chukua elfu tatu kwa lita iwe rahisi, ni elfu ishirini na moja. Tofauti hiyo hata mke wako ataiona.

Kuna jambo moja linasahaulika. Kama uko kwenye ile bei nafuu ya shilingi 100 (kabla ya kodi) kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, gari litakupitisha uniti hizo upesi, na ukihamishiwa bei ya kawaida, friji na taa zako nazo zitalipiwa bei hiyo.

Soketi ya kawaida inajaza betri ya uniti 30 kwa saa 13 hivi, yaani usiku kucha. Usitumie ekstenshen, itayeyuka. Mwite fundi avute waya wake peke yake kutoka kwenye meini switchi, na apime erthi. Nyumba nyingi erthi ni jina tu, na chaja nyingi zikiikosa zinagoma. Umeme ukikatika chaji iliyoingia haipotei. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, lakini nguzo ikianguka Isyesye hakuna bwawa litakalokusaidia usiku huo.

Nasikia hata madini yake yako kwetu? (Msomaji, Songwe)

Ndiyo. Ngualla, wilayani kwenu, kuna neodimiamu na praseodimiamu, zinazotengeneza sumaku za mota hizi. Serikali ilisaini makubaliano ya mradi huo 2023.

Mimi ni fundi gereji. Sisi tutakula wapi? (Makambako)

Oili, plagi na gasketi zitapungua, hilo sikufichi. Lakini shokapu, bushi, tairodi na bearingi zitakufa kama kawaida, pengine haraka zaidi kwa sababu magari haya ni mazito. Usichogusa bila mafunzo ni nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti na sakafuni. Zina volti mia tatu na zaidi, na haziangalii uzoefu wa mtu.

Nikutobolee siri, fundi: Toyota hakututeka kwa matangazo. Bushi ya IST unaipata Makambako, Tunduma, hata Chimala, na kila kijana wa gereji anajua inafungwaje. BYD, Geely, Tesla, nani atakuja kuweka spea na kufundisha vijana wako? Atakayefanya hivyo ndiye nitakayemshauri mama wa Uyole amnunue. Mpaka sasa ninamshauri akodi kwanza, apande nalo Kyela mara moja akiwa na magunia.